Jelebi ya nyumbani: Siri imo katika unga uliochachuka na shira yenye uzi

JELEBI ni miongoni mwa vitamu ambavyo watu wengi wa mijini hupenda kuvinunua lakini wachache huthubutu kuvipika. Mtu akiiona imepangwa sinia zima, yenye rangi ya machungwa, inang’aa na kudondoka shira, huamini kuwa kazi hiyo ni ya fundi aliyerithi mkono kutoka kwa babu yake. Wahenga walikwisha kusema, usione vyaelea, vimeundwa. Hata hivyo, jelebi haihitaji chombo ambacho hakipatikani katika jiko la kawaida, wala kiungo ambacho hakiuzwi dukani. Kinachohitajika ni subira ya usiku mmoja, jicho la kuutambua moto, na kufahamu kwa nini kila hatua hufanywa jinsi inavyofanywa.

Kutofahamu sababu hizo ndiko kunakowavunja moyo wengi. Mpishi hufuata vipimo vyote, jelebi ikatoka karaini ikiwa imara na ya kupendeza, lakini baada ya dakika 10 ikalegea kama mkate uliolowa maji. Wengine huona shira ikigeuka chembechembe za sukari kabla hata wageni hawajaketi. Kilo moja ya sukari na mafuta ya kukaangia si vitu vya kumwaga, na ndiyo maana inafaa kuieleza jelebi tangu asili yake hadi inapofika sahanini.

Safari ndefu ya kitamu kimoja

Ingawa leo jelebi hutajwa kuwa kitamu cha Kihindi, asili ya jina lake ni neno la Kiarabu, zalabia au zulabia. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa na Ibn Sayyar al-Warraq huko Baghdad katika karne ya 10 kina maelezo ya namna ya kuandaa zulabia, yaani rojo la unga uliochachuka, linalomiminwa katika mafuta ya moto kisha kuzamishwa katika asali. Kutoka nchi za Waarabu na Waajemi, kitamu hicho kilifika Bara Hindi, na kufikia karne ya 15 kilikuwa kimekwisha kutajwa katika maandishi ya huko.

Tangu wakati huo kila nchi imekivika vazi lake. Nchini Iran huitwa zulbia na huliwa sana katika mwezi wa Ramadhani. Algeria huitwa zlabia, nako pia ni kitamu cha futari. Bangladesh huitwa jilapi, na Nepal huitwa jeri. Huko Gujarat, magharibi mwa India, familia nyingi hula jelebi pamoja na fafda, vijiti vikavu vya unga wa dengu, siku ya sikukuu ya Dussehra. Kaskazini mwa India wapo wanaoila asubuhi na maziwa ya moto.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako wengine huiita zelabia, jelebi ililetwa na mawimbi yale yale yaliyoleta wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kutch. Wengi wao walifungua maduka Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam katika karne ya 19. Baada ya hapo, ujenzi wa reli ya Uganda, ulioanza mwaka 1896 na kufika ziwa Victoria mwaka 1901, ulileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao, lakini waliobaki pamoja na wafanyabiashara waliowafuata walitawanya vyakula vyao hadi miji ya bara.

Ushahidi wa ukaribu huo umo katika lugha yenyewe. Chombo anachokaangia Mswahili ni karai, na Mhindi hukiita karahi. Sukari iliyochemshwa na maji ni shira kwa Mswahili, na ni shira vilevile kwa msemaji wa Kiurdu, wote wakiwa wamelipata neno hilo kutoka Kiajemi. Hamira ya Mswahili na khamir ya Mhindi zina chimbuko moja katika Kiarabu. Hata kaimati, inayopikwa karibu kila nyumba ya pwani wakati wa Ramadhani, ni jamaa wa jelebi: nayo ni unga ulioumuka, ukakaangwa, ukaingizwa katika shira. Mwenye kujua kupika kaimati, kwa hiyo, amekwisha kuvuka nusu ya njia.

Mahitaji

Kwa jelebi ndogo zipatazo 30, mpishi atahitaji vitu vifuatavyo:

Kwa ajili ya rojo: unga mweupe wa ngano gramu 250, ambao ni karibu vikombe viwili, unga wa dengu vijiko viwili vya chakula, maziwa ya mtindi nusu kikombe, samli iliyoyeyushwa kijiko kimoja cha chakula, na maji ya vuguvugu kiasi cha mililita 175 hadi 200.

Kwa ajili ya shira: sukari nusu kilo, maji mililita 250, maji ya ndimu au limau kijiko kimoja cha chai, iliki nne au tano zilizopondwa, na nyuzi chache za zafarani. Anayependa anaweza kuongeza kijiko kimoja cha chai cha maji ya waridi.

Aidha, mafuta ya kukaangia yasiyo na harufu kali yanahitajika, ya kutosha kujaza kina cha sentimita tatu hadi nne katika karai au, bora zaidi, katika kikaango chenye kitako bapa. Kitako bapa huifanya jelebi itandazike sawasawa badala ya kuteleza na kujikusanya katikati.

Usiku mmoja wa kuchachua

Unga wa ngano na wa dengu huchekechwa pamoja, ukatiwa mtindi na samli, kisha maji huongezwa kidogo kidogo huku mpishi akikoroga kuelekea upande mmoja mpaka madonge yote yaishe. Rojo linalofaa ni lile ambalo, likiinuliwa kwa mwiko, hutiririka kama utepe usiokatika, na utepe huo ukabaki juu ya uso wa rojo kwa muda mfupi kabla ya kuzama. Likiwa jepesi kuliko hapo, jelebi itatawanyika katika mafuta. Likiwa zito mno, itakuwa nene na ndani yake itabaki mbichi.

Bakuli hufunikwa kwa kitambaa safi na kuachwa mahali penye joto. Katika hali ya hewa ya Dar es Salaam au Mombasa, saa 10 hadi 12 hutosha. Katika miji yenye baridi kama Nairobi na Arusha, rojo laweza kuhitaji hadi saa 24. Dalili za kukamilika ni tatu: uso wa rojo huwa na vipovu vidogo, harufu yake huwa ya uchachu mwepesi kama wa mtindi, na ujazo wake huongezeka kidogo. Rojo lenye harufu mbaya, au lenye madoa ya ukungu, halifai kuliwa na hutupwa.

Kinachotokea ndani ya bakuli ni kazi ya vijidudu vyenye manufaa vilivyomo katika mtindi na unga. Vijidudu hivyo hula sukari iliyomo katika unga, na huku vikitoa tindikali na hewa. Tindikali huipa jelebi ule ukali mwepesi unaopambana na utamu wa shira, na hewa huufanya ukuta wa jelebi uwe mwepesi. Jelebi isiyochachushwa huwa tamu tu, na mlaji huikinai baada ya kipande cha pili.

Asiye na nafasi ya kungoja usiku kucha anaweza kutia nusu kijiko cha chai cha hamira kavu, na rojo likawa tayari kwa saa moja na nusu au mbili. Hata hivyo, ladha yake haitafikia ile ya rojo lililolala.

Shira na mtihani wa uzi

Shira hupikwa kabla ya kukaanga, kwa kuwa jelebi haisubiri. Sukari na maji huwekwa katika sufuria juu ya moto wa wastani, na hukorogwa mpaka sukari iyeyuke. Kuanzia hapo mwiko huondolewa. Maji ya ndimu, iliki na zafarani hutiwa, na shira huachwa ichemke taratibu kwa dakika tano hadi nane.

Kipimo cha mafundi hakihitaji mashine. Tone la shira huchukuliwa kwa kijiko, hupozwa, kisha hubanwa baina ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vikiachanishwa taratibu, uzi mmoja mwembamba hujitokeza katikati. Huo ndio mwisho. Uzi usipotokea, shira bado ina maji mengi, na maji hayo ndiyo yanayoilegeza jelebi baadaye. Nyuzi zikiwa mbili au tatu, shira imepita kiasi: haitapenya ndani ya jelebi, bali itaganda juu yake kama ganda la peremende. Shira iliyozidi kuiva hurekebishwa kwa kuongezwa vijiko viwili vya maji ya moto. Mwenye kipimajoto cha jikoni atazame nyuzi joto 104 hadi 105 za Selsiasi.

Ndimu haiwekwi kwa ajili ya ladha peke yake. Sukari ya kawaida hupenda kurudia umbo lake la chembe pindi maji yanapopungua. Tindikali ya ndimu huigawa sehemu ya sukari hiyo kuwa sukari mbili nyepesi zaidi, glukosi na fruktosi, ambazo huzuia chembe zisishikamane. Ndiyo maana pia shira haikorogwi baada ya sukari kuyeyuka, kwani mkorogo huziamsha chembe hizo. Shira ikishaiva hutiwa maji ya waridi na kuwekwa kando, mahali itakapobaki na joto la kuvumilika kwa kidole, pasipo kuchemka wala kupoa kabisa.

Mkono unaochora

Fundi wa India hutumia kitambaa kizito kilichotobolewa tundu dogo katikati. Nyumbani, chupa laini ya plastiki iliyokuwa na sosi ya nyanya, ikioshwa vizuri, hufanya kazi hiyo hiyo. Mfuko imara wa plastiki wa kuhifadhia chakula, uliokatwa ncha ya pembe, nao hufaa. Tundu lisizidi milimita tatu au nne.

Mafuta hupashwa moto wa wastani, karibu nyuzi joto 165 hadi 175. Asiye na kipimajoto hudondosha tone la rojo: likizama, kisha likapanda juu taratibu huku likitoa vipovu bila kubadilika rangi papo hapo, mafuta yako tayari. Likibaki chini, mafuta bado ni baridi na jelebi itanywa mafuta. Likipanda kwa kasi na kugeuka kahawia, moto ni mkali; jelebi itaungua nje na kubaki mbichi ndani.

Mpishi huikaribisha ncha ya chupa juu ya mafuta na kuchora duara tatu zinazofuatana, moja nje ya nyingine, kisha humalizia kwa mstari unaokatiza duara hizo ili zishikamane. Jelebi za kwanza kwa kawaida hutoka na maumbo ya ajabu, na hilo si kosa. Mkono ukienda polepole mno, mistari hunenepa. Ukienda haraka, hukatika. Nne au tano kwa mara moja zinatosha, kwani kulijaza karai hushusha joto la mafuta.

Kila upande hukaangwa kwa dakika moja na nusu hadi mbili, mpaka jelebi iwe na rangi ya dhahabu na vipovu vipungue. Vipovu hivyo ni mvuke wa maji unaotoka katika rojo. Vinapopungua, maana yake ukuta wa jelebi umekauka, na jelebi iliyokauka ndiyo inayobaki na mkwaruzo mdomoni.

Nusu dakika inayoamua yote

Jelebi hutolewa karaini, hukung’utwa mafuta kwa sekunde chache, na hutumbukizwa katika shira ikiwa bado ya moto. Hapa ndipo penye siri ambayo wengi huikosa. Mstari wa jelebi ni mrija ulio na uwazi ndani, na ndani ya mrija huo mna mvuke. Inapoingia katika shira yenye joto dogo kuliko lake, mvuke hupoa na kusinyaa, na shira huvutwa kwenda kuijaza nafasi hiyo. Jelebi iliyopoa kabla ya kuchovywa haina nguvu ya kuvuta. Hupakwa utamu nje tu na kubaki tupu ndani.

Sekunde 30 kila upande zinatosha. Ikikaa zaidi, ukuta wake hulainika. Ikitolewa, hupangwa juu ya wavu au chujio ili shira ya ziada idondoke. Kuzirundika jelebi za moto katika bakuli lenye kifuniko ni kuzilegeza kwa makusudi, kwa sababu mvuke wake hurudi juu yake kama maji.

Kwa muhtasari, jelebi iliyolegea hutokana na shira nyepesi, moto mdogo au kufunikwa ingali moto. Iliyo bapa kama utepe hutokana na rojo jepesi au rojo lililochachuka kupita kiasi. Iliyokauka ndani hutokana na shira nzito au iliyopoa. Kila kosa lina mlango wake, na mpishi akiujua mlango huo hatatupa unga wake tena.

Rangi: mahali pa kuwa na tahadhari

Sababu moja kubwa ya kuipika jelebi nyumbani ni kujua kilichomo ndani yake. Rangi ya machungwa iliyokoza, ambayo macho ya wateja yamezoea, haitokani na zafarani. Zafarani hutoa rangi ya manjano iliyotulia, nayo ni ghali. Wauzaji wengi hutumia rangi za chakula zilizoruhusiwa kwa viwango maalumu, na hilo halina ubaya viwango vikizingatiwa. Tatizo hutokea pale rangi za viwandani zinapochukua nafasi hiyo. Nchini India, rangi ya metanili, ambayo hutengenezwa kwa ajili ya nguo na ngozi, hairuhusiwi katika chakula, lakini wakaguzi wamewahi kuigundua katika vitamu vya mitaani. Bei yake ndogo ndiyo inayoshawishi, na mlaji hana njia ya kuitambua kwa macho.

Nyumbani, nyuzi chache za zafarani zilizolowekwa katika kijiko cha maji ya moto, au chembe ya manjano ya unga kwa asiyemudu zafarani, hutosha. Jelebi itakuwa na rangi ya asali badala ya rangi ya machungwa, na mlaji hatakosa kitu katika ladha yake.

Moto, mafuta na sukari

Shira ya moto ni hatari kuliko maji yanayochemka, kwa sababu joto lake ni kubwa zaidi na hung’ang’ania ngozini. Watoto wasiwe karibu na jiko wakati wa kazi hii. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, na asipakwe dawa ya meno wala samli. Jeraha kubwa lipelekwe hospitali. Mafuta yakishika moto, yasimwagiwe maji kamwe: jiko lizimwe na chombo kifunikwe kwa mfuniko wa bati mpaka kipoe.

Kwa upande wa afya, jelebi ni kitamu cha sherehe, si chakula cha kila siku. Ikiwa nusu tu ya shira iliyoelezwa hapo juu itanyonywa, kila jelebi itakuwa na takriban gramu nane za sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu itokanayo na chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni karibu gramu 50, na kwamba kushuka hadi gramu 25 kuna manufaa zaidi. Jelebi tatu, kwa hiyo, hufikia kiwango hicho cha chini, kabla hata kikombe cha chai hakijatiwa sukari. Wenye kisukari wanapaswa kufuata ushauri wa daktari wao.

Kwa sababu hiyo desturi ya kuila jelebi ikiwa moja au mbili, pamoja na chai isiyo na sukari, kahawa chungu au maziwa, ina hekima ndani yake. Uchungu wa kahawa huukata utamu, na mlaji hutosheka upesi.

Shira inayobaki haimwagwi. Huchujwa, ikawekwa katika chupa safi kwenye jokofu, na hutumika kwa kaimati. Mafuta yaliyotumika mara moja huchujwa pia, lakini yakishabadilika kuwa meusi au kutoa harufu, wakati wa kuyaacha umefika. Jelebi zenyewe huliwa siku ile ile, ikiwezekana ndani ya saa moja baada ya kutoka katika shira. Ndiyo maana fundi wa barabarani hukaanga mbele ya mteja, na ndiyo maana mpishi wa nyumbani, akishaipata mbinu, ana nafasi ambayo duka halina: huwakaribisha wageni mezani kwanza, kisha ndipo huwasha jiko.